Sketi ya Ngozi ya Bibi Yako

Emiliana mwanangu,

Ukirudi kutoka kuaga watu wa kanisani utakuta nimeshaondoka. Barua hii nimeiweka juu ya cherehani, kwa kuwa najua hata ukiwa na hasira mkono wako utaenda hapo kwanza. Usiniulizie kwa majirani. Simu nimeiacha kwenye chaji makusudi, maana ninakokwenda sitaki nipate pa kujificha aibu ikinizidi. Kaa kwenye kiti changu, soma mpaka mwisho, halafu kama bado unataka kunigombeza, nigombeze.

Sitakuambia ufunge begi vizuri wala ujihadhari na wezi wa simu stendi ya Arusha. Hayo utaambiwa na kila mtu, mpaka kondakta.

Jana ulikuwa unafumua lebo kwenye lile koti la mwisho, kichwa umeinamisha, ukasema, "Baba, nikiondoka sirudi." Mimi nikajifanya sijasikia. Nikaendelea kupunguza ile suruali ya mwalimu kana kwamba ina haraka. Nilisikia, mama. Tangu jana nasikia hilo tu. Kesho asubuhi unapanda basi unakwenda kushona sare za shule kiwandani, kaptula upande huu, sketi upande ule, na unaondoka bila mama yako kukushika kichwa. Kwa Wabarabaig, watu wa mama yako, mtoto haondoki hivyo. Hupakwa samli kwenye paji la uso, mama yake humtemea mate ya baraka kidogo, humtaja kwa jina, ndipo aende. Hata sisi Wambulu, pamoja na ubatizo wetu wote, hatuachi mtoto atoke nyumbani mkavu namna hiyo.

Juzi ulikwenda kwake mwenyewe, kule kwa dada yake, ukapiga magoti. Nilikuona unarudi kwa njia ya korongoni, na nikatazama paji lako kabla sijatazama macho yako. Lilikuwa kavu. Hukuniambia alichosema, lakini nakijua. Alisema hawezi kukuwekea mikono wakati shauri la sketi ya mama yake bado limelala nyumbani kwa baba yako. Na hujui nilivyokuwa baada ya hapo. Niliingia kule nyuma, nikajifungia na mbuzi, nikalia kama mtu aliyefiwa. Mzee mzima, mbuzi ananitazama.

Basi nisikilize.

Ulipotoka chuo cha ufundi ulikuja na simu yenye kioo kilichopasuka, ukanionyesha picha za watu wa mbali wamevaa makoti mapana, hujui nani baba, nani mama. Ukasema, "Baba, hili tunaliweza. Koti moja, avae yeyote. Lishonwe taratibu, lidumu, na vitu viwe vya hapa hapa." Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikakutupia swali la kifundi, nikijua nimekukamata: "Haya basi, vifungo utaviweka upande gani?" Maana kila fundi anajua, vifungo vya mwanaume kulia, vya mwanamke kushoto, na ukikosea mteja anakurudishia nguo mbele ya watu. Ukatoka. Nikadhani yameisha.

Kumbe ulikwenda kuokota pembe ya ng'ombe. Ukaikata vipande, ukavisugua kwenye jiwe mpaka vikalainika, ukaweka vitanzi vya ngozi pande zote mbili za koti. Ukaniambia, "Anayevaa ndiye ataamua." Siku ile nilikuona, Emiliana. Nilijiambia, huyu amenipita. Lakini unajua mdomo wangu. Nilichosema ni, "Pembe hii inanuka."

Ningekuambia habari za koti la Maretadu wakati ule, ungejua kwamba wazo lako halikutoka kwenye simu peke yake. Nyumbani kwetu tulikuwa na koti moja, zito, la babu. Alfajiri alivaa shangazi yako kwenda kuchota maji. Akirudi navaa mimi kwenda shule, mikono imenipita mpaka magotini. Usiku linamfunika yeyote mwenye homa. Baridi ya kule unaijua, ukungu unashuka mpaka kwenye maharage. Hakuna aliyeuliza kama koti ni la kiume au la kike. Tuliuliza kama limekauka. Mimi nikakua, nikajifunza cherehani, nikaanza kugawa watu, wanaume huku na wanawake kule, nikasahau nililovaa mwenyewe.

Unamkumbuka yule mzee wa ng'ombe pale mnadani Katesh? Alilishika koti letu la kwanza, akaligeuza ndani nje kama anakagua ndama, akauliza, "Hili ni la nani? Langu au la mke wangu?" Wewe ukamjibu, "La mtu tu, mzee." Akacheka, akalivaa papo hapo. Na sisi tukapata jina, Mtu Tu, ukalitarizi kwenye lebo kwa uzi mwekundu. Mnada uliofuata akaja mbio, fimbo juu. "Fundi, umeniuzia ugomvi! Nikilivua kidogo tu nioge, limeshakwenda kisimani!" Akaondoka na la pili. Sijawahi kucheka na mteja kama siku ile. Watu walikuwa wanapita na makoti ya mtumba mabegani, ya bei ya kutupa, na bado wanasimama kwetu kuuliza ya mtu tu.

Tulikuwa na furaha. Naandika hili ulione limeandikwa, kwa sababu mwaka huu wote umekuwa ukisema hatukuwahi kuwa na kitu. Tulikuwa nacho.

Na kitu chenyewe kilikuwa mikononi mwa wanawake, hapo ndipo ninapotaka kufika. Mimi nilikata, wewe ulibuni, lakini ile ngozi ya mabegani na viwikoni, iliyofanya watu wa Arusha wapapase koti kama wanapapasa shavu la mtoto, ilikuwa kazi ya mama yako na dada yake. Mama yako mkubwa anakwangua ngozi, anaipaka samli, anaifinyanga kwa mikono, anaianika kivulini, anaanza tena. Huwezi kumharakisha. Mafundi tunasema "njoo kesho" kwa uongo, mji mzima unajua. Yeye alisema "njoo mwezi ujao" na alimaanisha mwezi ujao. Nilikuwa namchukia kwa hilo. Wateja wanapiga simu, mimi naenda kwake jasho linanitoka, "Shemeji, vipi?" Ananitazama toka kofia mpaka viatu. "Ngozi haijakubali." Basi. Hakuna rufaa.

Wewe ndiye uliyewaambia watu nguo zetu ni za taratibu. Mimi nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa mtu wa haraka kuliko wote.

Ndipo ukaitwa kwenye maonyesho kule Arusha, ukatangulia, ukanipigia simu kwamba wanataka koti moja la kufungia maonyesho, la kipekee, lenye asili yetu zaidi. Ukasema, "Mwambie mama na mama mkubwa waangalie watakachoweza." Ulisema waangalie wao. Nakumbuka kila neno. Nikaenda kwa shemeji, akanipa jibu lake la siku zote. Nikarudi nyumbani nimefura. Nikaingia chumbani, na pale kwenye mwamba wa paa ilikuwa imening'inia sketi ya ngozi ya bibi yako.

Marehemu bibi yako alishonewa na mama yake alipoolewa. Aliivaa akizaa, akizika, akicheza ngoma, mpaka ngozi ikawa na rangi ya asali na shanga zikawa zimelala mahali pake kama zimeota. Siku tulipoileta nyumbani baada ya msiba, mama yako aliniambia maneno machache. "Hii haiguswi na mwanaume. Hata kuihamisha, niite mimi." Nikaitikia, "Sawa." Mimi ni Mmbulu lakini nimeishi hapa Gehandu miaka mingi kuliko niliyoishi Maretadu. Nilijua kabisa kwamba kwa Wabarabaig sketi ile si nguo kama gauni lililoanikwa kambani. Ni ya wanawake, na heshima ya wanawake imo ndani yake. Nisijifanye mgeni sasa.

Mama yako alikuwa shambani. Nikaishusha. Nikaiweka mezani, nikaona mikunjo yake, ulaini wake, miaka yote ile ya samli, kitu ambacho shemeji angenichukulia mwezi na asikifikie. Na nikajiambia maneno ambayo leo naona aibu kuyaandika: "Si sisi tunasema nguo haina mume wala mke?" Nikachukua mkasi.

Koti lilitoka zuri. Mungu anisamehe, lilitoka zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Ulipolipokea uliniuliza ngozi imetoka wapi, nikasema, "Ya hapa nyumbani." Akalivaa kijana mmoja, mrefu, akatembea nalo mbele ya watu, wakapiga picha. Picha ikasafiri kuliko koti. Ilifika Gehandu kwenye simu ya mtoto wa jirani kabla wewe hujashuka kwenye basi. Mama yako mkubwa alipewa aitazame, na hakuhitaji kuambiwa chochote. Aliujua mshono wa bibi yake kwenye mkono wa kushoto wa koti, chini ya shanga, pale pamefungwa kwa mshipa wa ng'ombe. Sketi ya mama yao ilikuwa imevaliwa na mwanaume.

Wanawake walikuja asubuhi, wengi, wakakaa kwenye majani ng'ambo ya duka letu. Hawakupiga kelele. Heri wangepiga kelele. Unajua mila: mwanaume akiwakosea wanawake, wanaume wenzake hawana la kusema, ni akina mama wanaokaa na kuamua. Wakanitaka nikae mbali kidogo, juani, nisikilize. Nikakataa kukaa. Nikasimama nimevaa futi yangu ya kupimia shingoni kama msalaba.

Mama yako mkubwa akauliza, "Uliambiwa usiiguse?"

Nikasema, "Niliambiwa."

"Ukaigusa kwa sababu gani?"

Hapo ningesema nimekosa, yangekwisha. Badala yake nikaanza hotuba. Kwamba mimi nimebatizwa, mimi Mmbulu, baraza lao halinihusu. Kwamba ulimwengu umebadilika, ngozi ni ngozi, na nguo ni ya mtu tu. Nikatumia jina letu, Emiliana, lile jina lililotoka kwa kicheko cha mzee mnadani, nikawapiga nalo wale akina mama usoni. Mmoja akavuta nguo akajifunika kichwa.

Na wewe ulikuwa ndiyo umefika, vumbi la safari miguuni, hujui hata asili ya shauri. Ukaona baba yako amezungukwa, ukaruka, ukasimama mbele yangu. "Jamani, mama zangu, shikamooni, lakini hii si ni nguo tu? Mnamwonea baba." Nilikusikia unasema maneno yangu kwa sauti yako, na nikajisifu. Huo ndio uovu wangu mkubwa kuliko mkasi. Nilijisifu. Nikaona mama yako anakutazama, kisha ananitazama mimi, kisha anaangalia chini. Ukanitetea katika jambo ambalo sikukuambia ukweli wake, na tangu siku ile wakakuhesabu uko upande wangu. Nilikuacha hapo. Mwaka mzima nimekuacha umesimama hapo.

Wakaamua nilipe dume jeusi la ng'ombe, na nikae mbele yao niseme kwa kinywa changu. Mpaka hapo, mama yako hatakula nilichokileta wala kulala chini ya paa langu. Nikasema, "Dume hampati." Mama yako akaingia ndani, akachukua khanga zake na sufuria yake ndogo, akapita mbele yangu. Nilitegemea atageuka. Unajua jinsi anavyogeuka, akikumbuka kitu. Hakukumbuka kitu.

Mengine umeyaona. Hakuna mwanamke aliyetuletea ngozi tena. Nikasema nitalainisha mwenyewe, kazi gani hiyo. Ulicheka kidogo siku ile, kicheko cha mwisho nyumba hii, uliponikuta nimepaka samli mpaka kwenye nyusi na ngozi imekauka kama bati. Nikaibandika hivyo hivyo begani, mteja akairudisha, akasema inamkwaruza shingo. Ukaanza kufumua lebo, moja moja. Kila ulipofumua nilitaka kukushika mkono na sikukushika.

Uliwahi pia kufanya jambo ambalo sikukushukuru. Ulilifuata lile koti mpaka Arusha, ukalirudisha, ukakaa nalo dirishani ukilifumua ili uirudishe sketi ilivyokuwa. Nilikuona unapanga vipande mezani, unavisogeza, vinakataa. Sisi watu wa vitambaa tumezoea vibaya. Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, hakuna anayejua. Ngozi tundu la sindano halizibi. Utashona upya, utapaka samli, tundu liko pale pale linakutazama. Ulipoona hivyo ulivifunga vipande kwenye kitambaa cheupe ukampelekea mama yako. Una moyo. Sijui umeutoa wapi, maana si kwangu.

Nimekaa na jambo hili mpaka limenichosha, na nilichoona ni hiki, kichukue au kiache. Mimi nilisema nguo ni ya wote, lakini sikukata suruali yangu. Sikukata koti la babu, lipo Maretadu kwa kaka yangu, lingefaa kabisa. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye kitu cha mwanamke, cha marehemu asiyeweza kusema hapana, kwa sababu kilikuwa kilaini na mimi nilikuwa na haraka. Kisha nikakiita cha wote. Mkononi mwangu, hao wote walikuwa mimi peke yangu. Wewe ulipoweka vitanzi pande mbili ulimwachia mtu aamue. Mimi sikumwachia mtu. Kwa hiyo kosa si la Mtu Tu, mwanangu. Naomba uelewe hapo, nakuomba kwa magoti. Usilitupe wazo lako kwa sababu baba yako alilitumia kama fimbo. Kashone sare ukitaka, kula lazima, sare nazo ni nguo. Lakini usiseme ulikuwa mjinga. Hukuwa mjinga hata siku moja.

Na usinitetee tena. Ukimpenda mtu akakosea, simama karibu naye, si mbele yake. Ukisimama mbele, unamzuia kuona aliyemkosea. Mimi sikumwona mama yako vizuri tena tangu siku ile, mgongo wako ulikuwa mbele yangu.

Naogopa, Emiliana. Sikuogopa hivi hata bibi yako mzaa baba alipokuwa anakata roho. Mimi ni mzee wa kanisa, nasimama mbele kusoma neno, sitakiwi kuogopa maneno ya akina mama kwenye majani. Lakini nikifumba macho naona unashuka mji wa watu, unaumwa, unazaa, unapata shida, na kila mara unajiuliza kama ni kwa sababu paji lako lilikuwa kavu. Hata kama si kweli, utajiuliza. Na mama yako huku atajiuliza. Mtakuwa watu wawili mnajiuliza maisha yenu yote kwa ajili ya ukaidi wa mtu mmoja mwenye mkasi. Siwezi. Nimejaribu kuweza, siwezi.

Wiki hii nilikuwa nakudanganya ninapokwenda. Sikwenda Katesh kutafuta uzi. Nilipanda Maretadu kwa kaka yangu, ambaye hatujasalimiana vizuri tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Nilimkuta zizini. Nikamwambia, "Kaka, shikamoo, nimeharibu nyumba yangu." Hakuuliza sana. Akaingia kati ya ng'ombe, akatoka na dume jeusi, halina baka, akanipa kamba mkononi. Akasema, "Ungekuja mapema, mpumbavu wewe." Nikamkubalia.

Dume liko kwa jirani, nyuma ya zizi lake. Nikimaliza kuandika nalichukua, nalipeleka kwa mama yako mkubwa jua likiwa bado juu, wanione nikipita barabarani. Nimemtumia ujumbe kwamba nakuja. Jibu lililorudi ni kwamba mwaka ni mrefu, na pengine hawatalipokea. Akina mama watakaa kesho alfajiri. Mimi nitakaa pale watakaponiweka, hata jua linikute hapo, na nitasema, bila ubatizo wala Umbulu wala ulimwengu uliobadilika. Nitasema niliambiwa, nikaelewa, nikafanya. Na nitasema kwamba wewe hukujua. Hilo nitalisema kwanza, kabla hawajaniambia ninyamaze.

Sijui watasema nini. Nilikuwa mtu wa kujua kila kitu, sasa sijui.

Ninachokuomba ni kimoja. Usipande basi la kwanza. Najua umeshawaambia kiwandani unafika lini, najua utaona baba anakuchelewesha tena kwa mambo yake. Panda linalofuata. Kaa hapo barabarani, mahali unapoonekana kutoka upande wa Gehandu, usiingie kwenye mgahawa. Wakilikubali dume, mama yako ataruhusiwa kutoka, na namfahamu, hatatembea, atakimbia, na samli mkononi. Wasipolikubali, basi litakuja na utapanda, na utakuwa umejua kwamba nilikwenda.

Ukimwona anakuja, usimwulize lolote. Vua kitambaa kichwani, uiname, umwache akushike muda anaoutaka yeye, hata dereva akipiga honi. Mimi usinisubiri. Aliyehukumiwa hainuki mpaka akina mama wamwinue, na hawatafanya haraka.

Baba yako